Kunakili Miadi katika Kalenda ya Tarakilishi: Suala la Istilahi na la Saa za Kiswahili

Utangulizi

Wanafunzi na wahadhiri wengi wa Kiswahili hawategemei tena shajara za karatasi pekee. Miadi ya kuonana na msimamizi, vikao vya idara, mihadhara ya umma na tarehe za kuwasilisha tasnifu huandikwa katika kalenda ya tarakilishi au ya rununu, na kutoka humo hunakiliwa: kutoka siku moja hadi nyingine, kutoka kalenda ya idara hadi ya mwanafunzi, au kutoka ujumbe mfupi hadi kwenye kalenda. Makala hii inachunguza tendo hilo la kunakili. Hoja yetu ni kwamba kitenzi 'kunakili', jinsi tulivyokizoea katika uandishi wa matini, kinaficha tofauti ambazo katika kalenda zina uzito mkubwa. Aidha, mfumo wa saa wa Kiswahili unaleta tatizo la pili ambalo miongozo ya programu hizo, iliyotungwa kwa misingi ya Kiingereza, haigusii kamwe.

Huenda msomaji akauliza suala hili linahusiana vipi na taaluma yetu. Mwanafunzi aliyekosa kikao cha kutetea tasnifu kwa sababu kalenda yake ilimwonyesha siku isiyo yake hatafarijika akiambiwa kwamba hayo ni mambo ya wataalamu wa tarakilishi. Aliongozwa na neno, na neno ni kazi yetu.

Miadi na nakala

Neno 'miadi' lina asili ya Kiarabu, nalo lina mzizi mmoja na 'waadi', yaani ahadi. Miadi basi si tarehe tu, bali ni ahadi iliyofungiwa wakati au mahali, na aghalabu huwafunga watu wawili au zaidi. Hapa ndipo miadi inapotofautiana na aya ya matini. Aya nikiinakili kutoka faili moja hadi nyingine, aya ya kwanza haina dai lolote juu ya ya pili. Miadi nikiinakili, bado kuna mtu upande wa pili ambaye ana uwezo wa kuibadilisha.

'Kunakili' nalo lina historia inayostahili kutajwa. Katika Kiarabu, mzizi wake hubeba maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali, na pia ya kuandika upya maandishi ya mwingine. Kiswahili kilichukua maana ya pili na kuiacha ya kwanza, maadamu tayari tulikuwa na 'hama' na 'hamisha'. Kwa hiyo Mswahili aliyenakili ana vitu viwili, ilhali aliyehamisha anabaki na kimoja. Tofauti hii ni ya manufaa, lakini haitoshi, kwa kuwa haisemi iwapo vitu hivyo viwili vinaendelea kufahamiana.

Wanafasihi tunalijua vyema jambo hili kutokana na miswada. Muhamadi Kijuma wa Lamu aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tendi nyingi kwa hati za Kiarabu, na kila nakala ilishika njia yake baada ya kutoka mikononi mwake. Tukilinganisha miswada ya Al-Inkishafi, tunakuta kwamba idadi na mpangilio wa beti hutofautiana. Hakuna anayeshangaa, kwa sababu nakala ya mswada ni kiumbe huru tangu wino wake unapokauka. Nakala ya miadi katika kalenda ni hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba mwenye kalenda hatarajii hivyo.

Kilicho nyuma ya pazia

Kalenda nyingi za tarakilishi hubadilishana taarifa kwa kufuata kiwango kiitwacho iCalendar, kilichotolewa mwaka 1998 kama waraka RFC 2445 na kuandikwa upya mwaka 2009 kama RFC 5545. Kwa mujibu wa kiwango hicho, kila tukio lina kitambulisho chake cha kipekee, UID, na ni hicho kinachoiwezesha programu kujua kwamba tukio lililo katika kalenda yangu ndilo lile lile lililo katika kalenda yako. Kichwa cha tukio, saa na ukumbi vyote vinaweza kubadilika; kitambulisho hakibadiliki.

Mtu anapoalikwa katika kikao, tukio analopokea huwa na kitambulisho kile kile cha mwenye kikao. Kikao kikisogezwa na taarifa ikatumwa, miadi ya mwalikwa nayo husogea. Lakini mtu akirudufu tukio, kwa kawaida programu huliundia tukio jipya kitambulisho kipya. Kwa macho yanafanana kama shilingi kwa ya pili, lakini kwa programu hayajuani.

Katika Google Calendar kwenye tarakilishi, hatua ni rahisi: mtu hubofya tukio, kisha alama ya nukta tatu, na hapo hupata chaguo la kurudufu. Katika Microsoft Outlook ya tarakilishi ya mezani, mtu hushikilia kitufe cha Ctrl huku akikokota tukio hadi siku nyingine. Asipokishikilia, tukio huhama badala ya kunakiliwa. Outlook hiyo, mtu anaponakili mkutano, huweka neno la Kiingereza 'Copy' mbele ya kichwa cha nakala. Watumiaji wengi hulifuta neno hilo kwa kuliona kuwa uchafu. Kwa maoni yetu, hilo ndilo neno la kweli kuliko yote katika tukio hilo, na lingefaa kuachwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Idara imepanga utetezi wa tasnifu Jumanne saa tatu asubuhi, na imeuweka katika kalenda yake iliyo wazi kwa wanafunzi. Mwanafunzi anainakili miadi hiyo katika kalenda yake binafsi, anaipa rangi nyekundu na kuiwekea kengele. Siku nne kabla, mtahini wa nje anaomba kikao kirudishwe nyuma hadi Jumatatu alasiri. Karani anabadilisha kalenda ya idara, na kwa upande wake kazi imekwisha. Kalenda ya mwanafunzi bado inasema Jumanne. Kengele italia kwa uaminifu kamili, siku moja baada ya kikao. Hakuna aliyeghafilika hapa, wala hakuna programu iliyoharibika. Mwanafunzi alihitaji kuifuata kalenda ya idara. Alichofanya ni kuinakili.

Hali kadhalika, kuna njia mbili za kuipata kalenda ya nje ambazo zinafanana mno kwa jina. Mtu anaweza kuingiza faili ya kalenda iliyotumwa kwa baruapepe, au anaweza kuifuata kalenda yenyewe kupitia anwani yake ya wavuti. Matukio yaliyoingizwa kwa faili ni nakala: hayapati mabadiliko yoyote baadaye. Kalenda inayofuatwa kwa anwani hupata mabadiliko, ingawa Google Calendar yenyewe hueleza kwamba huenda yakachukua hadi muda wa saa 12 kuonekana. Kwa hiyo, asubuhi ya siku ya mtihani si wakati wa kuitegemea pia.

Kurudia nako si kunakili. Mhadhara wa kila Jumatano katika muhula wa wiki 14 unaweza kuwekwa kama tukio moja linalojirudia, au unaweza kurudufiwa mara kumi na tatu. Ukumbi ukibadilishwa, mwenye tukio linalojirudia huulizwa iwapo anataka kubadilisha siku hiyo tu au mfululizo wote. Mwenye nakala hana budi kuzipitia moja baada ya nyingine.

Saa ya mdomo na saa ya kioo

Hadi hapa tatizo ni la kila lugha. Sasa tuingie katika lile ambalo ni letu.

Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo. Saa 7:00 ya kioo cha rununu ni saa moja asubuhi, na 19:00 ni saa moja usiku. Mzungumzaji hufanya ubadilishaji huu bila kufikiri: anaona 9:00, anasema saa tatu. Maadamu miadi inanakiliwa kutoka kalenda moja hadi nyingine, hakuna hatari, kwa kuwa tarakimu huhama zilivyo. Hatari huja pale miadi inapovuka kutoka lugha hadi kioo. Ujumbe unaosema "tukutane saa 8 mchana" una tarakimu ya Kiswahili, lakini unafanana kabisa na 8:00 ya tarakilishi. Anayeharakisha, hasa anayechapa tarakimu pasi na kusoma neno 'mchana', huandika 8:00 na kutangulia kwa muda wa saa sita.

Ni dhahiri kwamba neno linalofuata saa, yaani asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku, si pambo. Katika ujumbe wa Kiswahili ndilo linalobeba nusu ya taarifa, na ndilo la kwanza kupotea katika kunakili, kwa kuwa kalenda haina mahali pa kuliweka. Kalenda hugawa siku katika nusu mbili, sisi huigawa katika vipande vingi zaidi, na mipaka yake haikubaliani. Saa 4:00 ya alfajiri kwetu ni saa kumi, na 16:00 pia ni saa kumi. Anayezitenga ni 'alfajiri' na 'alasiri', maneno ambayo nayo yanaanza kwa herufi zile zile na kuponza macho yenye usingizi.

La usiku ni zito zaidi. Katika mapokeo ya Waswahili wa pwani, siku huanza machweo, kwa hiyo 'usiku wa Ijumaa' ni usiku unaoutangulia mchana wa Ijumaa. Kalenda ya tarakilishi hubadilisha siku saa sita ya usiku, na usiku huo kwayo ni Alhamisi. Mtu wa bara anayealikwa katika hafla ya usiku wa Ijumaa huko Lamu au Mombasa, akaandika Ijumaa saa 20:00, atafika mikeka imeshakunjwa. Ndiyo maana magazeti na redio hupenda kusema 'usiku wa kuamkia Ijumaa', na kauli hiyo ndiyo tungeipendekeza katika mialiko yote inayokusudiwa kunakiliwa. Vilevile, hafla zinazofuata mwezi mwandamo, kama vile Maulidi, hazifai kuwekewa marudio ya kila mwaka katika kalenda ya kawaida, kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa takriban siku 11.

Tatizo jingine huja na wenzetu wa ng'ambo. Kenya iko saa tatu mbele ya saa ya dunia mwaka mzima, lakini Uingereza husogeza saa zake mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Semina ya kila wiki inayofanyika London saa 10:00 itakuwa Nairobi saa sita mchana wakati wa kiangazi chao, na saa saba mchana baada ya mabadiliko ya Oktoba. Mwaliko uliotumwa kutoka London hubeba ukanda wa saa wa London, na hivyo hujirekebisha. Aliyeandika mwenyewe 'saa sita' katika kalenda yenye ukanda wa Nairobi atabaki na saa sita hadi atakapogundua kwamba anawasubiri watu ambao hawajaamua kuchelewa.

Mapendekezo ya istilahi

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulituonyesha kwamba tarakilishi inaweza kuzungumza Kiswahili. Hata hivyo, maneno kama nakili, kata na bandika yamezoeleka zaidi katika programu za kuandikia, na kuyachukua yalivyo hadi kwenye kalenda hakutoshi. Tunapendekeza 'kurudufu miadi' litumike kwa tendo la kuunda tukio jipya lililo huru, kwa sababu neno hilo halimpi mtu matumaini ya uhusiano wowote. 'Kurudia' libaki kwa tukio moja lenye siku nyingi. 'Kualika' litumike pale kitambulisho kinapobaki kimoja. Kwa kalenda ya mwingine inayoonekana katika kioo chako, wapo wanaosema 'kujisajili', lakini neno hilo katika vyuo vyetu linanuka karo. 'Kufuata kalenda' linaeleza tendo lenyewe, kwamba anayefuatwa akigeuka nawe unageuka. 'Kuingiza' peke yake linapotosha, na afadhali tuseme 'kuingiza nakala'.

'Nakala' yenyewe tusiiache. Barua za ofisi zimeizoea katika 'Nakala kwa: Mkuu wa Idara', na kila karani anajua kwamba apokeaye nakala amearifiwa tu, hajaitwa kikaoni.

Pendekezo la mwisho linahusu saa. Kichwa cha miadi kiandikwe pamoja na saa ya Kiswahili kwa maneno, kwa mfano 'Utetezi wa tasnifu, saa tatu asubuhi', huku sehemu ya muda ikisoma 09:00. Programu itanakili vyote viwili popote tukio litakapokwenda. Karani akisogeza tukio kwa kulikokota bila kugusa kichwa, maneno na tarakimu zitakinzana, na atakayeona 'saa tatu asubuhi' juu ya 14:00 atapiga simu idarani kabla ya kutoka nyumbani.