Nidhamu si Adhabu: Funzo Kutoka Iten

Hebu tuanze na maneno mawili ambayo sisi wanafunzi huyachanganya kila siku: nidhamu na adhabu. Yote mawili yana asili ya Kiarabu. La kwanza latokana na neno lenye maana ya mpango au utaratibu. La pili, mateso. Kwa hiyo mwenye nidhamu ni mtu aliyejipanga, wala si mtu aliyetishwa.

Mfano mzuri uko Iten, Elgeyo-Marakwet, katika Shule ya St. Patrick's iliyoanzishwa na mabruda Wakatoliki. Mwaka 1976 alifika pale Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha. Alianza kusaidia katika riadha, akajifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia. Matunda yake tunayajua. Ibrahim Hussein, aliyesoma pale, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za Boston, mwaka 1988. Mwaka huo huo Peter Rono alitwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul. Mwaka 1992 Matthew Birir akaleta dhahabu nyingine kutoka Barcelona.

Wengine watasema, "Aa, Iten iko juu, karibu mita 2,400! Sisi wa Burat tuko chini kwenye jua." Ni kweli, hewa ya juu husaidia. Lakini mlima haumwamshi mtu alfajiri. Mita 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu, na kocha husimama nje ya uwanja. Mle ndani hakuna mwenye kiboko. Mkimbiaji hubaki na kile alichokizoea tu.

Sasa turudi darasani. Kanuni za mwaka 1972 zilimruhusu mwalimu mkuu kumchapa mwanafunzi viboko visivyozidi sita. Mwaka 2001 ruhusa hiyo ikafutwa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu ya namna hiyo waziwazi. Hata hivyo wapo wazazi wanaosema eti shule zinachomwa kwa sababu kiboko kimeondoka. Jamani, tukumbuke Kyanguli. Moto ulioua wanafunzi 67 huko ulitokea Machi 2001, kabla kiboko hakijapigwa marufuku.

Lakini tuwe wakweli pia: kuondoa kiboko peke yake hakutoshi. Ukibomoa ua wa boma usipojenga mwingine, fisi ataingia. Mahali pa kiboko pawekwe mpango: saa inayojulikana, kazi inayokaguliwa, na mwalimu anayemwita mwanafunzi kwa jina. Aliyechelewa aeleze sababu, kisha amalize kazi aliyoikosa. Huo ndio mtindo wa mazoezi: ukikosa leo, kesho mwili wenyewe utakudai.

Nasi wanafunzi tusingoje kengele wala kiranja. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Afadhali tujikunje wenyewe.

Maswali ya kujadili:
1. Mtu akichapwa husemwa "ametiwa adabu". Je, usemi huo ni sahihi? Toa sababu.
2. Eleza tofauti kati ya kutii kwa woga na kutii kwa mazoea.
3. Tunga sentensi mbili kuonyesha maana ya "nidhamu" na "adhabu".