Barua Pepe ya Vitisho: Je, Aliyeituma Anaweza Kujulikana?

Nimetumiwa barua pepe ya vitisho. Naweza kumjua mtumaji?
Unaweza kupata fununu, lakini si jina. Kila barua pepe hubeba kichwa, yaani maelezo ya safari yake yasiyoonekana unapoisoma kawaida. Kila seva (kompyuta inayopokea na kupeleka barua) huongeza mstari wake juu ya mistari iliyotangulia, wenye tarehe, saa na mara nyingi anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa au mtandao kwenye intaneti.

Nayaonaje maelezo hayo?
Kwenye Gmail, tumia kompyuta: fungua ujumbe, bonyeza nukta tatu zilizo pembeni, kisha chagua kuonyesha ujumbe asilia. Tafuta mistari inayoanza na “Received” uisome kutoka chini kwenda juu, maana wa chini ndio wa kwanza. Ukikuta namba kama 192.168.1.5, hiyo ni ya ndani ya nyumba au ofisi, na haitakufikisha popote. Zaidi ya hapo, mtumaji anaweza kughushi mistari ya chini. Wa kuaminika ni ule ulioandikwa na seva ya mtoa huduma wako mwenyewe wa barua pepe.

Je, ni kweli IP huonyesha hadi nyumba ya mtu?
Wengi wanaamini hivyo, lakini sivyo. IP humtaja mtoa huduma wa intaneti, na eneo kwa kukadiria tu. Kampuni za simu huweza kuwapa wateja wengi anwani moja kwa wakati mmoja, na anayeandika kwenye tovuti ya Gmail huonekana kwa anwani ya seva za Google, si ya kompyuta yake.

Na barua ya vitisho ikionyesha jina la benki yangu kwenye sehemu ya mtumaji, niamini?
Hapana, jina hilo huandikwa na yeyote. Soma anwani nzima, herufi kwa herufi, kisha piga simu benki kwa namba unayoijua.

Nani basi anaweza kulipata jina la mtumaji?
Polisi, wakifuata utaratibu wa sheria, huweza kumtaka mtoa huduma aonyeshe nani alitumia anwani hiyo ya IP saa hiyo. Ndiyo maana saa iliyo kwenye kichwa ni muhimu. Ukiona +0300 baada ya saa hiyo, ni saa za Afrika Mashariki.

Nifanye nini sasa?
Usiifute barua hiyo, na usitegemee nakala uliyomtumia mwenzako, kwani mara nyingi haibebi kichwa cha awali. Usimtuhumu mtu kwa sababu ya namba ya IP peke yake. Hifadhi ujumbe asilia ukatoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu nawe.