Kumlinda Mraibu Aliyepata Nafuu Asirudie Dawa za Kulevya

Uraibu, yaani hali ya ubongo kuitegemea dawa ya kulevya kiasi kwamba mtu huitafuta ingawa anayaona madhara yake, hauishi siku arosto inapokwisha. Arosto, yale maumivu ya viungo, kuharisha na kukosa usingizi yanayomwandama aliyeacha heroini, hutulizwa vizuri na methadoni, tiba iliyoanza kutolewa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011 na ambayo wakazi wa Dodoma huipata Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe. Lakini hamu ya dawa huweza kuzuka hata baada ya miaka, kwa kuwa ubongo umekwisha kuifungamanisha na watu, mahali na hisia fulani.

Vinavyoamsha hamu hiyo huitwa vichochezi. Vipo vya nje, kama kijiwe cha zamani au fedha taslimu mkononi baada ya kuuza zabibu, na vipo vya ndani, kama hasira, upweke na msongo wa mawazo, ambavyo ni vigumu zaidi, maana mtu huweza kukikwepa kijiwe asiweze kuikwepa huzuni yake. Hamu hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Anayepata wa kuzungumza naye au kazi ya kufanya wakati huo huivuka.

Linalosahaulika mno majumbani ni hatari ya aibu. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Marekani, katika kitabu alichokihariri pamoja na Judith Gordon mwaka 1985, alieleza kwamba kuteleza mara moja si lazima kumrudishe mtu kwenye uraibu. Kinachomsukuma zaidi ni kujiona ameshindwa kabisa na hana tena cha kulinda. Mzazi anayemwita mwanawe teja mbele ya majirani huipa nguvu fikra hiyo, na humfundisha kuficha. Kuficha huua: mwili uliokaa bila heroini hupoteza ustahimilivu, hivyo kipimo alichokizoea zamani chaweza kumsimamishia pumzi akiwa peke yake chumbani.

Kwa hiyo, anayekiri kwamba ameteleza asikilizwe bila matusi, aulizwe kilichotangulia, na arudishwe kliniki mapema, bila kukatiza methadoni kwa uamuzi wa familia. Ushauri hutolewa bure kwa simu namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.