Kumpa kura Kadiani: Swali la kijana wa Katoro



Baada ya darsa la Alasiri katika msikiti mmoja wa Katoro, mkoani Geita, kijana mmoja anayefanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu alinisubiri mlangoni. "Ustaadh, kwenye kata yetu wagombea udiwani ni wawili. Mmoja ni Sunni mwenzetu, lakini sote tunajua alivyokula fedha za kisima. Wa pili ni Kadiani, na hajawahi kumdhulumu mtu. Nikimpa kura huyu wa pili, nimeharibu dini yangu?"

Sikumjibu haraka. Mwaka 2015 niliwaambia Waislamu wa kata moja ya Shinyanga, ambayo siitaji, kwamba kura ya Muislamu ni ya Muislamu, basi. Wakanisikiliza. Miaka mitano ikapita na zahanati waliyoahidiwa ikabaki msingi uliomea nyasi. Wazee wa pale bado wananiitikia salamu, lakini hawaniulizi tena jambo.

Swali hili si letu peke yetu. Walokole wa Marekani walilikuta mwaka 2012, pale Mitt Romney, Mmormoni, aliposimama kugombea urais. Wamormoni wanamwamini Joseph Smith kuwa ni nabii na wana kitabu kingine juu ya Biblia, hivyo kwa walokole wengi hao si Wakristo kabisa. Mchungaji Robert Jeffress wa Dallas alitamka hadharani mwaka 2011 kwamba dini yao ni kundi potofu. Mwaka uliofuata akamuunga mkono Romney! Na Oktoba 2012, siku chache baada ya Romney kumtembelea mhubiri mkongwe Billy Graham, tovuti ya taasisi ya Graham iliondoa Umormoni katika orodha ya makundi potofu. Siku ya kura, karibu walokole wanane katika kila kumi wa kizungu walimchagua Romney, ingawa alishindwa.

Mimi siwalaumu kwa kumpigia kura. Ninachokiona kibaya ni ile orodha. Kama jana alikuwa mpotofu, leo kilichobadilika ni nini isipokuwa uchaguzi?

Sisi tuna mfano wetu, na ni bora zaidi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa mubalighi wa Ahmadiyya. Alishiriki katika tafsiri ya Qur'an kwa Kiswahili waliyoitoa mwaka 1953, tafsiri ambayo Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy aliijibu kwa kalamu bila kumung'unya maneno. Mtu huyo huyo mwaka 1960 akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, mji wenye Masunni wengi, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Majibu ya Farsy hayakufutwa kwa sababu Amri Abedi amekuwa meya, wala umeya wake haukumfanya imamu wetu. Uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake mpaka leo.

Nawajua watakaonitolea Al-Maida aya ya 51. Aya hiyo naielewa kuwa inakataza kuwafanya walinzi na wandani watu wanaosimama dhidi ya umma. Haikumzuia Mtume (s.a.w) na Abu Bakr kumwajiri Abdullah bin Urayqit, mshirikina, awaongoze njia ya Hijra wakati roho zao zinatafutwa. Aliajiriwa kwa kuwa anaijua njia na anaaminika. Nabii Yusuf (a.s) naye aliomba hazina ya mfalme asiye wa dini yake, akajieleza kwa sifa mbili, utunzaji na ujuzi. Na katika Al-Qasas aya ya 26 sifa za mtu wa kuajiriwa ni nguvu na uaminifu.

Sasa tazama kazi ya diwani wa huku kwetu. Hafungishi ndoa wala hatoi fatwa. Anakaa kwenye halmashauri inayopokea ushuru wa huduma kutoka kwenye mapato ya mgodi. Tangu sheria ya madini irekebishwe mwaka 2017, halmashauri ndiyo inayokubaliana na mgodi kila mwaka juu ya miradi ya jamii. Darasa, kisima, zahanati, vyote vinapitia humo. Mwizi akikaa pale, anayekosa maji ni mtoto wa Muislamu pia, na jina la Abdallah halimjazii ndoo.

Nilimwambia kijana: itikadi ya kuwa Mirza Ghulam Ahmad ni nabii tunaikataa, kabla ya uchaguzi na baada yake. Akiitumia ofisi kuieneza, kasaliti amana, mtoe. Lakini kama unamjua kuwa ni mwaminifu na anaiweza kazi, na mwenzake unamjua ni mwizi, mpe kura.

"Na akishinda, akija msikitini kushukuru, tumtangulize aswalishe?"

"Hapana. Mkaribisheni, mumkumbushe kisima."

Alicheka, akawasha pikipiki yake. Ijumaa iliyofuata alirudi na wenzake wanne. Katika kata yao wao, mgombea wanayemwamini ni mzee wa kanisa la Kilutheri.