Hadaa ya Mitandaoni na Ridhaa ya Aliyehadaiwa

Mtu akihadaiwa kwa njia ya intaneti, watu husema: "Si alitoa mwenyewe kwa mkono wake?" Kauli hii yafaa kuchunguzwa, kwani ndiyo imnyamazishayo aliyedhulumiwa.

Sheria imeshurutisha ridhaa katika kupokezana mali, kama ilivyo katika Suratun-Nisaa, aya ya 29. Na mwenye kuridhia ni yule anayejua anatoa nini na anampa nani. Aliyefichwa moja katika mawili hayo hakuridhia, ijapokuwa alibonyeza kwa kidole chake.

Tazama basi jinsi tapeli anavyompata mtu. Kuna njia ya unyonge. Barua zilizoenea kutoka Nigeria katika miaka ya 1980 na 1990, kwa posta kisha kwa intaneti, ambazo huitwa 419 kwa nambari ya kifungu cha sheria ya jinai ya nchi hiyo, zilikuja kwa sauti ya mwombaji: mjane ana mamilioni yaliyozuiliwa, anatafuta mwaminifu wa kuyapokea, naye atapewa fungu. Msomaji hujiona yeye ndiye mkubwa. Kisha huombwa ada ndogo, kisha nyingine. Na kila alichotoa humfunga zaidi, kwani akiacha itambidi akiri kuwa cha kwanza kimepotea. Hapo mwombaji amekwisha kuwa bwana. (Tamaa ya fungu lisilo halali ni dhambi ya msomaji, naye ataulizwa kwayo, lakini haimhalalishii mwingine kumwibia.)

Njia ya pili ni haiba. Katika nchi za Ghuba simu hupigwa kwa jina la polisi au la benki, na mgeni anayehofia ruhusa yake ya ukaazi hutetemeka. Huambiwa akaunti yake itafungwa saa ile ile, asimwambie mtu, asome nambari za siri zilizotumwa kwenye simu yake. Nambari hizo ndizo ufunguo wa fedha. Benki ya kweli haiziulizi. Haraka humzuia kufikiri. Siri humtenga na mke, ndugu na jirani, ambao neno lao moja lingeibomoa hadaa yote. Kuichunguza habari kabla ya kuitenda, kama ilivyoamrishwa katika Suratul-Hujurat, aya ya 6, kwahitaji muda, na muda ndio anaonyimwa.

Oman, kwa Amri ya Sultani nambari 12 ya mwaka 2011, hadaa ya namna hii ni jinai. Aliyehadaiwa basi ni mdai, si mshitakiwa. Aipigie benki yake saa ile ile ili kadi izuiwe, kisha aende polisi. Wala asifute ujumbe kwa haya, kwani huo ndio ushahidi wake.