Rafiki Asituchagulie Adui

Kuanzia tarehe 4 hadi 11 Februari 1963 mji wetu wa Moshi uliwapokea wajumbe wa Afrika na Asia, waliokuja kufanya mkutano wa tatu wa mshikamano wa watu wa mabara hayo mawili. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miezi 14 tu iliyotangulia. Nayo dunia ilikuwa bado na hofu ya Oktoba 1962, siku zile 13 ambazo Marekani na Urusi zilikaribia kupigana kwa sababu ya makombora ya atomiki yaliyowekwa katika kisiwa cha Kuba.

Huenda wengi walitazamia mkutano huo uwalaumu wakoloni wa zamani peke yao. Lakini Mwalimu Nyerere, alipoufungua, alionya kwamba Afrika yaweza kugombaniwa mara ya pili, na kwamba wenye tamaa hiyo si mataifa ya Magharibi tu. Onyo lake lilionekana kweli mumo humo mkutanoni, maana Wachina na Warusi, waliokuwa wakiitana ndugu, walishindana mbele ya wajumbe kuwavuta watu upande wao.

Wasomaji wapendwa, baba na mama mnaousoma ukurasa huu pamoja na watoto wenu, pengine mtauliza: Mambo ya dola kuu yatuhusu nini sisi wenye vihamba vya kahawa na migomba, au mashamba ya mahindi, au mitumbwi ya kuvulia? Yatuhusu sana. Nasi twataka kulieleza jambo hili kwa mfano uliotupata wenyewe.

Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi, na Serikali ikalazimika kuwaomba Waingereza, watawala wetu wa jana, waje kuwatuliza. Lilikuwa jambo la aibu. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule likaundwa jeshi jipya, na walimu wake wakatafutwa katika nchi mbalimbali ili tusimtegemee mmoja. Ujerumani ya Magharibi ilikuwa miongoni mwa waliokubali, nayo ikatoa walimu wa jeshi la anga.

Lakini Zanzibar, iliyoungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964, ilikuwa imekwisha kufanya urafiki na Ujerumani ya Mashariki. Wajerumani wa Magharibi nao walikuwa na kanuni yao, iliyoitwa ya Hallstein, ya kutovumilia rafiki yao aitambue dola ile ya pili. Serikali yetu ikatafuta njia ya kati: Ujerumani ya Mashariki iwe na konseli tu Dar es Salaam, bila ya kutambuliwa kuwa dola. Haikutosha. Februari 1965 walimu wa kijeshi wakaondolewa ghafla. Mwalimu akajibu kwa kutaka misaada mingine ya serikali hiyo iondolewe pia, asije mtu akadhani kwamba kwa fedha zake aweza kutuchagulia maadui. Baadaye Kanada ikaja kulifundisha jeshi letu, na China nayo ikaendelea na msaada wake.

Wako waliokiona kitendo hicho kuwa ni kiburi cha maskini. Hoja yao haifai kudharauliwa, maana mtoto mwenye njaa hashibi kwa heshima, na fedha zilizokataliwa zilihitajiwa kweli. Hata hivyo yatupasa tuitazame njia hiyo hadi mwisho wake. Anayekubali leo masharti kwa ajili ya mwalimu wa askari, kesho ataombwa bandari, na kesho kutwa ataombwa uwanja wa makombora. Tena palipo na kombora la dola moja, ndipo dola nyingine inapolenga. Watu wa Kuba walilijua hilo mwaka 1962.

Basi, mdogo ajilinde kwa nini? Wazee wa Kilimanjaro walichimba mifongo, mifereji ya kuleta maji kutoka mlimani hadi vihambani. Mfongo haulindwi na mwenye nguvu mmoja. Hulindwa na mapatano ya wote wanaoutumia, kila nyumba kwa zamu yake, na siku ya kuuzibua wote hutoka na majembe. Mwenye shamba la juu hana ruhusa ya kuyafunga maji.

Afrika nayo imefanya mapatano ya namna hiyo. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomiki huko Reggane, katika jangwa la Sahara, na hadi mwaka 1966 ilikuwa imelipua 17 katika nchi ya Algeria. Afrika ya Kusini ilijitengenezea mabomu sita, kisha ikayavunja, ikaungama mbele ya dunia mwaka 1993. Tarehe 11 Aprili 1996, huko Kairo, nchi za Afrika zikatia sahihi Mkataba wa Pelindaba, unaokataza silaha za nyuklia zisiundwe, zisiwekwe wala zisijaribiwe katika bara hili. Mkataba ulihitaji kuridhiwa na nchi 28. Nchi ya 28, iliyoutia nguvu tarehe 15 Julai 2009, ilikuwa jirani yetu mdogo, Burundi. Na Ufaransa ile ile imeridhia ahadi ya kutoitishia Afrika kwa bomu hilo.

Hatusemi kwamba hatari imekwisha. Mataifa tisa bado yanazo silaha hizo, na mwanzoni mwa mwaka 2025 idadi yake ilikadiriwa kuwa zaidi ya 12,000. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake ya tarehe 11 Aprili 1963, miezi miwili tu baada ya mkutano wa Moshi, alifundisha kwamba amani ya kweli haisimami juu ya usawa wa silaha, bali juu ya kuaminiana. Kuaminiana huko hakuwezekani kwa aliyekwisha kuuza sauti yake.

Twawaachia maswali mawili ya kuzungumza nyumbani jioni. Ni msaada gani tungekuwa tayari kuukosa ili tubaki na uhuru wa kusema hapana? Na sisi wenyewe, je, jirani yetu aliye mdogo kuliko sisi tunamwachia achague rafiki zake?