Damu kwa Mtoto Mgonjwa: Lini, Kiasi Gani, na Haki Yako ni Ipi

Mzazi anayeteremka kutoka Mamba au Chome akiwa na mtoto mwenye viganja vilivyopauka huwa na ombi moja afikapo hospitalini: mtoto aongezewe damu. Ombi hilo ni halali. Lakini daktari anapojibu kuwa mtoto atapewa dawa, ataangaliwa na kupimwa tena, wazazi wengi hudhani wamenyimwa huduma. Katika somo hili tunaeleza kwa nini kusubiri kwaweza kuwa sehemu ya tiba, na ni lini mtoto hapaswi kusubirishwa.

Funzo la Upare

Vimelea vya malaria huharibu chembe nyekundu za damu, ambazo hubeba oksijeni mwilini. Jambo hili lilipimwa papa hapa Upare. Kuanzia 1955 hadi 1959, Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta ulipulizia nyumba dawa ya kuua mbu katika nyanda zilizo chini ya milima na upande wa Taveta, nchini Kenya. Matokeo aliyoyachapisha C. C. Draper mwaka 1960 yalionyesha kuwa malaria ilipodhibitiwa, wingi wa damu wa wakazi uliongezeka. Kwa hiyo chandarua ni akiba ya kwanza ya damu ya mtoto.

Nani apewe, na kiasi gani

Utafiti uitwao TRACT, uliochapishwa mwaka 2019, ulihusisha watoto 3,983 wenye upungufu mkubwa wa damu katika hospitali nne za Uganda na Malawi. Watoto waliokuwa na damu chini ya gramu 4 kwa desilita, au waliokuwa na dalili za hatari, waliongezewa damu mara moja. Waliokuwa na gramu 4 hadi 6 bila dalili hizo waligawanywa: wengine walipewa damu papo hapo, wengine walipimwa mara kwa mara na kupewa pale tu hali ilipozorota. Kuwapa wote mara moja hakukuthibitika kuokoa maisha zaidi, na takriban nusu ya waliosubiri hawakuhitaji damu kabisa.

Kiasi nacho kina uzito. Kwa mtoto asiye na homa, mililita 30 za damu nzima kwa kila kilo ya uzito zilipunguza vifo kuliko mililita 20. Kwa mwenye homa ilikuwa kinyume: kiasi kikubwa kiliongeza vifo. Ndiyo maana joto la mtoto hupimwa kabla ya kuamua kiasi cha damu.

Dalili zisizosubiri

Mjulishe mhudumu mara moja ikiwa mtoto anapumua kwa shida, anazubaa au kupoteza fahamu, au mkojo wake umekuwa mweusi. Mweleze pia ikiwa mtoto ana selimundu.

Maswali unayostahili kuuliza

1. Wingi wa damu ya mtoto ni gramu ngapi?
2. Kama tunasubiri, atapimwa tena saa ngapi, na nani atamwangalia usiku?
3. Je, damu hii imepimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende?
4. Je, imelinganishwa na damu ya mtoto?

Mtoto akiongezewa damu, kaa karibu naye. Akitetemeka, akivimba, akiwashwa au akipumua kwa shida, mwite muuguzi bila kuchelewa. Kumbuka pia kuwa damu salama haiuzwi. Ukidaiwa fedha kwa ajili ya damu, toa taarifa kwa uongozi wa hospitali.

Wajibu wetu sote

Damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka kwa jirani. Kituo cha damu salama cha Kanda ya Kaskazini kipo Moshi, takriban kilomita 100 kutoka Same, na chembe nyekundu huhifadhiwa kwa wiki chache tu. Mtu mwenye afya njema, mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia: mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Mfuko usiotumika kwa mtoto anayeweza kusubiri humfaa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, ambaye hawezi kusubiri.

Ya kujadiliana nyumbani: Nani katika familia yetu anaweza kuchangia damu kabla ugonjwa haujabisha hodi?